Jana Ambayo Hakuisema

Mama yangu alikuwa na maneno mawili ya kujuta, na hakuyachanganya. Wali ukiungua, au kitambaa alichonunua kikichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa, alisema amejuta. Lakini akimgombeza mtu, kisha akapata habari kwamba mtu yule alikuwa na msiba nyumbani, alisema ameshikwa na nadama, na siku hiyo hakikupikwa chochote kitamu. Nilipomuuliza tofauti yake, alinijibu kwamba kujuta unajuta mwenyewe, ila nadama hukushika yenyewe, na ikishakushika huna la kufanya isipokuwa kujiuma vidole. Nikamuuliza imetoka wapi. "Kwa Waarabu," akasema, "pamoja na halua na ubishi."

Baba, aliyekuwa fundi cherehani sokoni Garissa, hakulipenda neno hilo. Aliliona neno la wasoma kasida, la kujipamba. Yeye majuto yalimtosha, na kila aliposikia mtu akijilaumu alimtupia methali yake, kwamba majuto ni mjukuu, akaisema kwa raha ya mtu ambaye bado hana mjukuu. Mimi nilichokiona kuhusu majuto ni kwamba hayana umoja. Sijamsikia mtu akisema ana juto moja. Huja kwa wingi tu, kama mate na matapishi, na sidhani kwamba waliolianzisha neno hilo walikosea.

Neno la tatu la kujuta nililipata nje ya nyumba yetu, na sikulipata vizuri. Ndilo lililonifanya nishike kalamu. Neno hilo lilimnyima mtoto mdogo maziwa yake, na kinywa kilicholiharibu kilikuwa changu.

Wazazi wangu walitoka Lamu, lakini mimi nilikulia Garissa, na kila mtoto niliyecheza naye uani alikuwa Msomali. Kisomali nilikiokota huko huko, kwenye mchanga, pamoja na matusi yake. Kufikia umri wa kuvaa buibui nilikuwa naweza kupatana bei, kugombana na kuomba radhi kwa Kisomali bila kumtazama mtu usoni nione kama ameelewa. Nilijivuna nacho mno. Wasichana wenzangu walinicheka kwa jambo moja tu: nilikuwa siwezi kuikalia herufi. Kisomali kina maneno ambayo herufi hukazwa, ulimi ukae juu yake kidogo kabla ya kuondoka, na asiyeikalia amesema neno jingine kabisa. Mimi nilipita mbio. Aibu yangu ni kwamba si jambo geni kwangu. Chuoni, tulikosoma Kurani, tulifundishwa shadda, ile alama ya kukaza herufi, na nilichapwa kwa kuiruka shadda katika aya fupi ambazo hata watoto wa miaka mitano walizisoma sawasawa. Lakini niliona ya chuoni ni ya chuoni, na ya sokoni ni ya sokoni.

Vita vilipokuja, vile ambavyo serikali iliviita vya shifta na majirani zetu waliviita kwa majina mengine wakiwa peke yao, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika zahanati. Nilifunga vidonda, nikatia watoto dawa ya macho, nikachemsha sindano. Kisha ukaja wakati ambapo wafugaji walikusanywa na mifugo yao wakazungushiwa seng'enge, kijiji hiki na kile, ili wasiweze kuwapa watu wa porini chakula wala maji. Zahanati ikapeleka watu kwenye vijiji hivyo. Mimi nilipelekwa kwenye kimoja kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka mjini. Baba alinifungia nguo zangu kwa mikono yake, akaniambia maneno ambayo nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko dua: "Huko usijitie katika mambo. Ukiona kitu, funika kombe mwanaharamu apite."

Ndani ya seng'enge watu walikuwa wengi na kivuli kilikuwa kidogo. Nyumba zao za mikeka, ambazo kwa desturi husimama mbali mbali na kuhamishwa malisho yakiisha, zilikuwa zimebanwa mahali pamoja hadi uliweza kumsikia jirani akikohoa. Mbuzi walikufa kwanza. Aliyekuwa na ngamia alijiona tajiri, hata kama ni mmoja, na asubuhi wenye pasi, yaani kibali cha kutoka, waliruhusiwa kuwapeleka wanyama kisimani, askari wakiwafuata, na kurudi kabla ya jua kuwa kali.

Mama mmoja alikuja zahanati mara kwa mara na mjukuu wake. Alitoka upande wa Tarbaj, mbali sana, akasukumwa na ukame na vita hadi kwetu. Alikuwa mwembamba, na meno ya mbele hayakuwapo. Mtoto hakuwa ametimiza miaka miwili. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na baba yake, ambaye ndiye mwana wa yule mama, alikuwa amekwenda porini na watu wenye bunduki. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa bibi, na chakula chake kilikuwa maziwa. Yule mama alikuwa na ngamia watatu, mmoja wao wa maziwa, na ndiye aliyemweka mtoto yule hai. Nilimpenda mtoto yule. Nikimtia dawa ya macho hakulia, alikunja uso tu kama mzee aliyepewa kahawa chungu.

Siku moja alikuja afisa kutoka mjini kuhoji watu. Wanaume walihojiwa na mkalimani wao. Wanawake hawakutaka kusimama mbele ya mkalimani mwanamume na kutaja mambo ya nyumbani, na afisa hakutaka kupoteza muda, basi mtu akasema yuko msichana wa zahanati, Kisomali anakijua kama mwenyewe. Nilipoambiwa hivyo nilijisikia mkubwa. Sitaficha. Nilijitanda ushungi wangu mpya, wa buluu, nikaenda.

Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imetangazwa amri. Nyumba ambayo imekutana na mtu wa porini siku hizi za karibuni itanyang'anywa pasi, na wanyama wake watachukuliwa. Ya zamani yalikuwa yamesamehewa. Kwa hiyo swali lililokuwa na uzito lilikuwa moja tu: lini?

Afisa alikaa chini ya turubai, nyuma ya meza ya kukunja. Alikuwa mtu wa bara, mpole kwa sauti, na alikuwa na homa. Jasho lilimtoka hata kabla ya saa tatu. Askari mmoja alisimama nyuma yangu. Wanawake wakaja mmoja mmoja. Wengi walijibu neno moja, hapana, nami nikasema hapana, naye akaandika hapana. Kazi ilikuwa rahisi, nikaanza kujibu kabla mtu hajamaliza kusema.

Akaja yule mama, mjukuu akiwa ubavuni.

"Muulize mwanawe yuko wapi," afisa akasema.

Nikamuuliza. Akasema alikwenda na watu wa porini. Hakuficha, maana kila mtu alijua.

"Muulize ni lini alipomwona mara ya mwisho."

Nikamuuliza. Hakujibu moja kwa moja. Alisema mwanawe alimkuta kisimani, akamwambia anakwenda, naye hakumshika hata nguo. Kisha akavuta pumzi, akasema neno moja. Wakati ule ule dereva wa lori alikuwa amewasha injini nyuma ya hema na kuingurumisha, na yule mama, kama nilivyosema, hakuwa na meno ya mbele. Nilisikia shalay.

"Anasema mwanawe alimkuta kisimani, akamuaga, naye hakumzuia," nikasema.

"Lini?"

"Jana."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi afisa aliinua kichwa. "Jana? Una hakika?"

Hapa ndipo ninapotaka nieleweke vizuri, maana watu niliowahi kuwasimulia huwa wanakimbilia kunitetea. Alinipa nafasi. Aliuliza kwa upole, kalamu ikiwa hewani. Ningeweza kumgeukia yule mama nikamuuliza tena, ingekuwa kazi ya pumzi mbili. Sikumgeukia, kwa sababu kumuuliza mara ya pili kungeonyesha kwamba sikusikia, na mimi nilikuwa yule anayekijua Kisomali kama mwenyewe.

"Nina hakika, bwana," nikasema.

Akaandika. Mwanamke mwingine akaitwa.

Adhuhuri nilikuwa zahanati, ninagawa vidonge, wakati ngamia watatu walipopitishwa mbele yetu wakipelekwa kwenye boma la miiba kando ya kambi ya askari. Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni yangu, ambaye asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya yule mama, aliwatazama, akasema kwa hasira, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Mtu amesema shallay, wamemchukulia ngamia. Tangu lini kujuta kumekuwa kosa?"

Nikamwambia kwamba yule mama hakusema shallay, amesema shalay. Nilimwambia hivyo kwa Kisomali, na hata nilipokuwa ninasema nilisikia maneno yangu mawili yamefanana.

Yule mwanamke alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mpumbavu wa jirani. "Shalay ni jana," akasema. "Shallay ni kujuta." Na aliikalia ile herufi, akaikalia vizuri, hadi nikaiona kwenye ulimi wake. "Mwanawe alikwenda kabla ya mtoto yule kuzaliwa. Jana gani?"

Niliketi kwenye kreti ya dawa, nikasema ni joto.

Baadaye sana, vita vilipokwisha, nilimuuliza mwalimu mmoja wa Kurani mjini kama maneno hayo mawili ni ndugu, kama kujuta kwa Kisomali kumetoka katika jana. Akaniambia ndiyo bila kufikiri: kujuta ni jana iliyokataa kwenda zake. Ni maneno mazuri, na wengine waliokuwa pale waliyashangilia. Mimi sikuyaamini, na siyaamini mpaka leo. Watu wakiona maneno mawili yanafanana huyaozesha papo hapo, wakayabunia na watoto. Huenda ni ndugu, huenda hayajuani. Ninachojua ni kwamba kati yao pana herufi moja iliyokazwa. Na nimefikiri pia kwamba kama yule mama angetumia neno la mama yangu ningelishika mara moja, maana Wasomali nao wanalo neno la kutoka Kiarabu, nadaamo, wanalolitumia wasomi wao. Lakini yeye hakuwa msomi. Alijuta kwa neno la nyumbani kwao.

Ngamia walikaa bomani siku tatu kabla ya kuswagwa kwenda mjini. Siku tatu zile nilikuwa ninaweza kusema. Afisa alikuwa bado yupo, amelazwa na homa ndani ya hema lake, na aliyetakiwa kumpelekea vidonge alikuwa nani kama si mimi. Siku ya kwanza nilifika nikasimama mlangoni na sahani ya vidonge na kikombe cha maji. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Akauliza, "Nini?" Nikasema, "Dawa yako, bwana." Akameza, nikarudi.

Niliogopa. Kabla yangu palikuwa na mkalimani, kijana wa mjini, aliyeambiwa kwamba anapindisha maneno ili kuwaficha ndugu zake, akapakiwa kwenye lori, na nyumbani kwao wakakaa bila habari zake. Kusema nimekosea kulikuwa karibu sana na kusema nimepindisha. Wangeuliza nani amenituma. Wangemuuliza baba yangu, mwenye cherehani yake sokoni, nguo za nani huwa anashona. Haya yote yalikuwa kweli. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kidogo na cha kuchukiza: sikutaka wanicheke. Siku ya pili nilimpelekea vidonge, nikamtakia nafuu.

Kutwa ngamia wa maziwa alilia bomani. Kiwele kilikuwa kimejaa, na askari, watu wa ng'ombe na mahindi, hawakujua jinsi ya kumkamua. Mmoja alijaribu na sufuria, akakanyagwa, wenzake wakamcheka. Maziwa yalidondoka yenyewe mchangani. Yule mama alisimama upande wa pili wa seng'enge na kibuyu chake, akiwaonyesha kwa mikono jinsi ya kufanya, wakamfukuza.

Siku ya tatu niliamka nikiwa nimeazimia. Nilipofika, afisa alikuwa amekaa kitini, amenyoa ndevu, homa imemtoka. Akanishukuru kwa uuguzi wangu. Akaniambia kwamba nilikuwa nimefanya kazi nzuri siku ile na kwamba atalitaja jina langu mjini. Nikasema asante. Nje vumbi la ngamia lilikuwa tayari limeshapita kona ya barabara.

Maji yakimwagika hayazoleki, nikajiambia, kwa haraka ambayo sikuipenda hata wakati ule.

Nikaanza kuiba maziwa ya unga zahanati. Sikuona ni wizi, niliona ni dawa. Nilimpelekea yule mama mkebe, nikamwonyesha jinsi ya kukoroga, nikamwambia achemshe maji kwanza. Lakini kuni hazikuwapo ndani ya seng'enge, na bila pasi hakuweza kutoka kuzitafuta, na maji yenyewe yalikuwa ya kupanga foleni. Mtoto alianza kuhara. Tumbo likamvimba, mikono ikawa kama vijiti. Nilimpa kila nilichokuwa nacho kabatini. Bado nikimtia dawa ya macho alikunja uso, kisha siku moja hakukunja.

Alifariki asubuhi, baada ya mvua ya kwanza. Walimzika nje ya seng'enge kwa ruhusa, watu sita na askari wawili.

Nilikaa siku kadhaa nikijifundisha la kusema. Nililipanga kwa Kisomali, kwa sababu niliona ni haki asikie kwa lugha yake, na nikalirudia lile neno peke yangu, shallay, shallay, nikiikalia herufi hadi ulimi ukachoka. Nilitaka kumwambia hivi: eeddo, hawakuchukua ngamia wako kwa sababu yako, mimi sikusikia vizuri, nikaulizwa, nikasema nina hakika, kisha nikajua, nikanyamaza siku tatu. Kumwita eeddo, shangazi, ndiyo heshima ya kule kwa mwanamke wa umri wake. Sikutaka anisamehe. Nilitaka ajue tu, anitukane, anitemee mate ikibidi, kisha ijulikane kwamba ni mimi.

Nilimkuta ndani ya nyumba yake ya mikeka, peke yake, wanawake wa tanzia wamekwisha kuondoka. Nikatoa mkono wa pole. Akanikalisha karibu naye. Na kabla sijafungua kinywa akasema na mimi kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi nasikia Kiswahili kidogo, hooyo," akasema. Hooyo ni mama, na kule mama humwita mtoto kwa jina hilo hilo la umama. "Kiswahili ya soko. Bei gani, nasikia. Maji, nasikia. Leo, kesho, jana, nasikia."

Nikakunja pindo la ushungi wangu.

"Siku ile kwa meza, mimi sikusema jana. Wewe ulisema jana."

"Eeddo," nikaanza, na maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni, kila moja mahali pake.

Akanishika mkono. "Wacha. Mimi niliona. Askari iko nyuma yako na bunduki. Walikwambia sema jana, wewe ukasema. Ungekataa, wangekubiga. Mimi nilikuangalia, nikasema masikini, huyu mtoto ya watu, naye wamemshika kama sisi." Akanitazama usoni. "Hio ndio nilinyamaza, wasikubige. Walikwambia, si ndio?"

Alikuwa amenionea huruma. Siku zile zote, akisimama kwenye seng'enge na kibuyu kitupu, akikoroga unga wangu wa wizi kwa maji machafu, akimzika mjukuu wake, yule mama alikuwa ananionea huruma mimi. Na alikuwa ananingoja nijibu.

"Ndiyo, eeddo," nikasema. "Waliniambia."

Akaniwekea kiganja kichwani, akaniombea dua ndefu, Mungu anitoe salama mikononi mwao, nami nikaitikia amina.